Majaribio ya moshi wa tumbaku kwa wanyama: maana yake, na kansa ya koo inaingia wapi

Katika habari za tumbaku na kansa, utafiti kwa wanyama maana yake ni hii: watafiti wanachukua wanyama wa aina moja, wenye umri unaokaribiana, wanaokula chakula kimoja na kulala mahali pamoja, kisha wanawagawa katika makundi. Kundi moja linapewa moshi wa sigara, au lami iliyotolewa kwenye moshi huo. Kundi lingine linafanyiwa mambo yaleyale yote, hata kuingizwa kwenye mashine ileile, ila hewa linayovuta ni safi. Hilo la pili huitwa kundi la kulinganisha, na bila hilo hakuna jaribio. Mwishoni wanyama wote wanapasuliwa na viungo vyao vinatazamwa kwa darubini. Ikionekana tofauti kati ya makundi, moshi ndio wa kuulizwa, kwa sababu hakuna kingine kilichowatenganisha.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukiligusa jambo hili mbele ya wazee wanaovuta, jibu liko tayari: "Panya si mtu." Halafu linafuata la pili: kuna muzee kule Kadutu amevuta tangu ujana na bado anapanda kilima kwa miguu yake, hana kansere wala kikohozi. Majibu hayo mawili hayafai kuchekwa. Yote yana kitu ndani yake, na mtu akiyafuatilia vizuri ndipo anapoelewa majaribio haya yanasema nini hasa.

Kwanza, kwa nini wanyama kabisa? Kwa sababu watu hawawezi kupangwa. Huwezi kuwaambia vijana mia moja wa Nyawera wavute paketi moja kwa siku kwa miaka ishirini, na wengine mia moja wasiguse, ili uone nani ataugua. Ni uovu. Unachoweza ni kuwafuata wanaovuta kwa hiari yao, lakini hao mara nyingi wanakunywa pia, wengine wana kazi ya vumbi, wengine wanakula vibaya. Mambo yanachanganyika. Watafiti wa Uingereza na Marekani walipotangaza mwaka 1950 kwamba wavutaji wanapata kansa ya mapafu kuliko wengine, mchanganyiko huo ndio watetezi wa sigara walioukimbilia: pengine ni kitu kingine. Mnyama wa maabara hanywi kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, wala hachimbi madini. Amewekewa jambo moja tu.

Njia yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa Japani mwaka 1915, pale Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walipopaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, wakarudia kwa miezi mingi bila kuchoka, hadi kansa ikaota. Miaka ya 1930 daktari Ángel Roffo wa Buenos Aires alifanya hivyo kwa lami ya tumbaku, naye akapata kansa. Lakini jaribio lililotikisa dunia ni la mwaka 1953, la Ernst Wynder, Evarts Graham na Adele Croninger huko Marekani. Walitengeneza mashine ya kuvuta sigara, wakakusanya lami yake, wakawapaka panya mgongoni. Asilimia 44 ya panya waliopakwa walipata kansa ya ngozi.

Tarehe 4 Januari 1954 makampuni ya tumbaku yalilipia tangazo katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba majaribio ya panya hayatoshi kuthibitisha jambo kwa binadamu. Kwa hiyo "panya si mtu" ya Kadutu ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoisema. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji, alifariki mwaka 1957 kwa kansa ya mapafu.

Sasa tuseme ukweli: hoja ile haikuwa ya uongo yote. Mgongo wa panya si koo la mtu, na kupakwa si kuvuta. Jaribio lile lilikuwa limejibu swali moja: je, ndani ya moshi wa sigara kuna kitu chenye uwezo wa kugeuza nyama iliyo hai kuwa kansa? Ndiyo, kipo. Halikusema kitaingilia wapi, wala kitafika kiungo gani. Msomaji akishika jambo moja katika maelezo yangu, napenda liwe hili: jaribio moja la wanyama hujibu swali moja, na kosa kubwa, la watetezi na la wapinzani, ni kulibebesha maswali yote.

Swali la koo lilihitaji jaribio lake. Koo kwa mazungumzo yetu ni eneo zima: kuna koromeo nyuma ya mdomo, kuna umio unaopeleka chakula tumboni, na kuna zoloto, kile kisanduku cha sauti unachokigusa mbele ya shingo ukimeza mate. Ndani ya zoloto mna nyuzi za sauti. Kila pumzi ya moshi inayokwenda mapafuni lazima ipite katikati ya nyuzi hizo, mahali pembamba kuliko pote njiani.

Ugumu ni kwamba panya hupumua kwa pua tu, na pua yake ina vijia vilivyopindapinda vinavyonasa uchafu kama chujio la chai. Mtu anavuta kwa mdomo, moshi unashuka moja kwa moja. Tena panya akisikia moshi hubana pumzi, anavuta kidogokidogo, na ukizidisha dozi nikotini na gesi ya kaboni monoksaidi vinamuua kabla kansa haijapata muda. Maisha yake yote ni kama miaka miwili. Ndiyo maana kwa miaka mingi majaribio ya kuvutisha moshi yalikuwa yakitoa kansa chache, na makampuni yakashikilia uchache huo.

Watafiti wa Marekani Oscar Auerbach na Cuyler Hammond walijaribu kukwepa pua. Mwaka 1970 walitangaza matokeo ya mbwa 86 wa aina ya beagle, ambao wengi wao walikuwa wametobolewa shingoni na kuvutishwa sigara kupitia tundu lile, siku baada ya siku, kwa zaidi ya miaka miwili. Baadhi yao walipata uvimbe wa kansa mapafuni. Ni jaribio linalouma kulisoma. Watu wengi walilipinga wakati ule na mimi siwalaumu. Lakini kwa habari ya koo angalia tundu lilipokuwa: chini ya zoloto. Moshi haukupita kwenye nyuzi za sauti hata kidogo. Kwa hiyo mbwa wale, pamoja na mateso yao yote, hawakuweza kutuambia lolote kuhusu zoloto.

Jibu lilitoka kwa mnyama mdogo kabisa, hamsta wa Syria, yule wa rangi ya dhahabu ambaye Ulaya watoto humfuga nyumbani. Alichaguliwa kwa sababu nzuri: haugui ovyo magonjwa ya mapafu yanayoharibu majaribio ya panya, na akiachwa peke yake ni nadra kupata uvimbe katika njia ya hewa. Kwa hiyo ukiuona, una haki ya kuuliza umetoka wapi.

Walter Dontenwill na wenzake huko Hamburg, Ujerumani, walichapisha kazi yao mwaka 1973. Mashine inavuta sigara, moshi unachanganywa na hewa, hamsta anawekwa ndani ya bomba jembamba, pua yake ikielekea kwenye moshi. Anakaa hapo dakika saba hadi kumi, kisha anarudishwa kwenye kizimba chake. Kundi moja lilifanyiwa hivyo mara moja kwa siku, jingine mara mbili, jingine mara tatu, siku tano kwa juma, maisha yao yote. Mapafu hayakuonyesha mengi. Mabadiliko yalijikusanya kwenye zoloto, kwa kuwa pale ndipo chembechembe za lami zilipokuwa zikitua. Utando laini wa juu ulianza kuwa mnene, ukafanya mabaka meupe, seli zikapoteza mpangilio, na kwa baadhi ya wanyama kansa ikachimba kwenda chini. Waliovutishwa mara nyingi zaidi waliathirika zaidi. Na waliopewa gesi ya moshi peke yake, chembechembe zikiwa zimechujwa, hawakupata uvimbe huo.

Huo mpangilio wa dozi ndio ninaoupa uzito mkubwa. Kansa moja katika mnyama mmoja inaweza kuwa bahati mbaya. Lakini madhara yakipanda ngazi pamoja na kipimo cha moshi, na kukoma moshi unapochujwa, pa kujificha panakuwa padogo sana.

Peter Bernfeld na Freddy Homburger, watafiti wa Cambridge, Massachusetts, walikwenda hatua nyingine mwaka 1974. Walitumia hamsta wa ukoo zaidi ya mmoja, kila ukoo ukiwa umezalishwa ndani kwa ndani. Moshi ni uleule, mashine ni ileile, ila ukoo mmoja ulipata kansa ya zoloto kwa urahisi na mwingine ukastahimili sana. Hapo ndipo muzee wetu wa Kadutu anapopata maelezo yake. Kuwa na mwili unaostahimili ni jambo la kweli, linarithiwa, hata kwa hamsta. Lakini hamsta wa ukoo unaostahimili hakuufanya moshi kuwa salama kwa ukoo wa pili, na kijana anayenunua sigara moja moja sokoni hana namna ya kujua yeye ni wa ukoo gani. Homburger alieleza baadaye kwamba baraza la makampuni ya tumbaku lililokuwa likigharimia utafiti wake lilimshinikiza asiite uvimbe ule kansa. Mtu hapiganii jina kiasi hicho kama anaamini kweli kwamba panya na hamsta hawana la kumwambia binadamu.

Je, zoloto la mtu linafanya vivyo hivyo? Auerbach, yule wa mbwa, alikwisha kutazama. Pamoja na wenzake alichunguza kwa darubini mazoloto ya mamia ya wanaume waliofariki, akalinganisha na historia yao ya kuvuta. Kwa waliovuta sana alikuta ngazi zilezile: utando mnene, seli zisizo na mpangilio, hadi mwanzo wa kansa. Kwa wasiovuta mabadiliko hayo yalikuwa machache mno. Ndivyo ushahidi unavyojengwa: wanyama wanaonyesha kwamba moshi unaweza, watu wanaonyesha kwamba imetokea, na kemia inaeleza imetokeaje. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7000, na kati yake kama 70 zinajulikana kuleta kansa. Mojawapo, benzopireni, hujibandika kwenye DNA ya seli na kuharibu jeni zinazozuia seli kuzaana ovyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliviunganisha vyote hivyo mwaka 1986 likatamka kwamba moshi wa tumbaku unaleta kansa kwa wanyama na kwa watu.

Wanaotafuna tumbaku au kunusa ugoro wasidhani hawahusiki. Katika tumbaku yenyewe, hata isipowashwa, mna kemikali inayofupishwa NNN. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza kwamba panya waliowekewa umbo moja la NNN katika maji ya kunywa walipata uvimbe mdomoni na kwenye umio. Hapakuwa na moshi wowote.

Yapo ambayo mnyama hawezi kukuambia. Hawezi kukuambia sigara ngapi zitakuletea wewe kansa, wala mwaka gani. Hamsta wale hawakunywa pombe, ilhali kwa watu tunajua kwamba sigara na pombe kali zikikutana kooni hatari inazidishwa, haijumlishwi tu. Tena si kila kansa ya koo inatokana na tumbaku: ile ya koromeo mara nyingine huletwa na kirusi cha HPV, na mtu asiyewahi kuvuta anaweza kuipata. Familia isimtazame kila mgonjwa wa koo kama aliyejitakia.

Ukiwa umeelewa hayo, yatumie pia upande wa pili. WhatsApp zetu zimejaa sauti za watu wanaouza chupa za mizizi wakisema "imejaribiwa kwa panya, inamaliza kansere". Uliza maswali yaleyale: mnyama gani, alipewa kwa njia gani, dozi gani, kundi la kulinganisha lilikuwa wapi? Kuonyesha kwamba kitu kinaweza kudhuru ni sababu ya kutosha ya kukiepuka. Kuonyesha kwamba kitu kimepunguza uvimbe kwa panya hakutoshi kumnywesha mgonjwa, kwa sababu dawa nyingi zilizofanya vizuri kwa panya zilishindwa kwa watu.

Na kwa zoloto kuchelewa ni hasara kubwa kuliko kwingine, maana uvimbe ulioanzia kwenye nyuzi za sauti hujitangaza mapema. Sauti inakwaruza, hairudi. Ikipita wiki tatu bila mafua wala sababu ya wazi, au kumeza kukawa kugumu, au uvimbe ukatokea shingoni, muone docta wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Atatazama ndani kwa kioo au kwa kamera nyembamba, na akiona baka linalomtia shaka atakata kipande kidogo kwa ajili ya biopsi. Mtaalamu wa darubini atatafuta ngazi zilezile zilizoonekana kwa hamsta wa Hamburg, na ikikutwa kwenye ngazi za chini matibabu yanafaulu kwa wengi, mara nyingi sauti ikabaki. Ukienda, mwambie umevuta miaka mingapi na kama unakunywa kanyanga, hata asipouliza.