Julai Mbeya Baridi, London Joto: Jua na Mwezi Tunavyoviona Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kila inapofika Juni, masweta na makoti ya mitumba yanapoanza kugombaniwa katika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, sisi tunaoshughulika na hali ya hewa huulizwa swali lile lile: baridi hii inatoka wapi? Mara nyingi muulizaji huja na jibu lake kabisa. Jua limeenda mbali.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kulitoa vichwani mwa watu. Dunia hailizunguki jua kwa duara kamili. Mwanzoni mwa Januari huwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai huwa imefika kilomita milioni 152. Kwa hiyo mkazi wa Mbeya, Njombe au Makete anayeota moto Julai, kweli yuko mbali na jua kuliko alivyokuwa Januari. Lakini na mkazi wa London yuko mbali vile vile, siku ile ile, na yeye anatembea na kaptula. Kama umbali ndio ungekuwa unaleta baridi, dunia nzima ingepigwa na baridi kwa pamoja.

Tofauti ya umbali hupunguza nguvu ya jua kwa asilimia 7 hivi kati ya Januari na Julai. Si haba, lakini si hiyo inayotawala. Kinachotawala ni kwamba dunia inazunguka ikiwa imeinama. Mhimili wake umelala kwa nyuzi 23.4, na mlalo huo haubadiliki dunia inapolizunguka jua. Juni nusu ya kaskazini ndiyo inayoelekea kwenye jua, Desemba ni zamu yetu sisi wa kusini. Jua likikupiga kwa ubavu, mwanga ule ule husambaa kwenye eneo kubwa zaidi la ardhi, na kila mita ya shamba hupata joto kidogo. Juni hapa Mbeya, hata jua linapokuwa juu kabisa, ardhi hupokea takriban asilimia 15 pungufu kuliko siku ambazo jua linapita utosini. Siku nazo huwa fupi. Mchana wa Juni kwetu ni kama saa 11 na nusu, wa Desemba ni zaidi kidogo ya saa 12 na nusu.

Huhitaji darubini kuhakikisha haya. Chomeka fimbo iliyonyooka wima uani, sehemu tambarare, ibaki na urefu wa mita moja juu ya ardhi, kisha pima kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko vyote kwa siku hiyo. Mbeya mjini, tarehe 21 Juni, kivuli hicho huwa na sentimita 63 hivi na huelekea kusini, kwa kuwa jua liko upande wa kaskazini. Tarehe 21 Desemba mambo hugeuka: kivuli kinaelekea kaskazini na ni kama sentimita 26 tu. Katikati ya hapo zipo siku mbili ambazo fimbo haina kivuli kabisa. Kwa Mbeya ni karibu na tarehe 25 Februari na tarehe 16 Oktoba. Iringa, iliyo karibu zaidi na ikweta, huipata siku hiyo mwisho wa Februari na tarehe 13 Oktoba hivi. Songea husubiri hadi karibu tarehe 21 Oktoba. Walimu wa jiografia na sayansi, hili ni somo lisilohitaji bajeti, na sioni kwa nini shule zenye viwanja vipana kama zetu zilisome ubaoni tu.

Ila angalizo: msikimbilie uwanjani saa 6 kamili. Saa tunayoitumia Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali kule mashariki, nje kabisa ya mipaka ya nchi. Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu. Dunia inachukua dakika 4 kugeuka nyuzi moja, hivyo jua letu huchelewa kufika juu kwa takriban dakika 46. Ucheleweshaji huo huongezeka au kupungua hadi robo saa hivi kufuatana na msimu, kwa sababu ya ule mlalo wa mhimili, na kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua nao si wa kasi moja mwaka mzima. Matokeo yake, siku ya bila kivuli ya Februari hutimia Mbeya karibu kabisa na saa 7 mchana, na ile ya Oktoba karibu saa 6 na nusu. Ndiyo sababu pia adhana ya adhuhuri ya Dar es Salaam hutangulia ya Mbeya kwa dakika zaidi ya 20, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa.

Sasa, mwenye kufuatilia atauliza: kama Desemba ndiyo zamu yetu, mbona joto kali la Mbeya hulisikia Oktoba na Novemba? Hapo jua peke yake haliwezi kujibu. Oktoba linapita utosini, mbingu ni nyeupe, ardhi imekauka baada ya miezi ya ukame. Hakuna wingu la kulizuia wala unyevu wa kulipoza. Desemba mvua zimeshika kasi, mawingu yanafunika mchana, na joto linashuka wakati jua lenyewe bado liko juu.

Kipupwe nacho kina mambo yake. Upepo wa kusi unaleta hewa ya baridi kutoka kusini mashariki, hewa ni kavu, na usiku mbingu inakuwa wazi. Joto ambalo ardhi imelipata mchana linapaa usiku bila blanketi la mawingu. Kitulo, nyanda iliyo juu zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Makete, alfajiri za Juni na Julai unakuta majani yameganda weupe. Wakulima wa viazi wa Njombe na Makete wanajua jambo ambalo wageni hulishangaa: kinyungu, yaani bustani ya kiangazi iliyo bondeni, kinaungua kwa baridi, shamba la mlimani hatua chache juu yake linapona. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Usiku ukitulia bila upepo, inateremka taratibu kwenye mteremko na kujikusanya bondeni, kama maji. Anayepanda viazi vya kiangazi bondeni anapata maji ya kumwagilia, lakini ameingia pia kwenye njia ya baridi. Akiweza kuacha kipande cha chini kabisa kwa zao linalovumilia, au akapanga tarehe ili viazi visiwe vichanga Julai, anapunguza hasara.

Tuje kwenye mwezi. Hapa vitabu vyetu vimekosea zaidi kwa sababu michoro yake mingi ilichorwa na watu wa nchi za kaskazini. Kitabuni mwezi mchanga umesimama wima. Toka nje jioni, utazame magharibi siku mbili au tatu baada ya mwezi kuandama: kwetu umelala, pembe zote mbili zikielekea juu, unaegemea kidogo upande huu au ule kufuatana na miezi. Si ishara ya mvua wala ya ukame, ingawa wazee wengi wameusoma hivyo. Upande unaong'aa sikuzote ndio ulioelekea kwenye jua, na kwa sisi tulio karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa hiyo linabaki chini ya mwezi, si pembeni yake.

Mwezi hulipita jua kila baada ya siku 29 na nusu. Mbona basi jua halipatwi kila mwezi mchanga? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya jua bila kuligusa. Tarehe 1 Septemba 2016 haukukosea. Rujewa, wilayani Mbarali, ilikuwa kwenye mstari wenyewe, na muda mfupi kabla ya saa 6 mchana jua lilibaki pete ya moto. Ilikuwa pete, si giza totoro, kwa sababu siku hizo mwezi ulikuwa unaelekea sehemu ya mbali ya njia yake. Umbali wake na sisi hubadilika kati ya kilomita 356,000 na 407,000 hivi, na siku ile ulionekana mdogo kiasi cha kushindwa kulifunika jua lote. Upana wake ulifikia asilimia 97 tu ya upana wa jua.

Niseme waziwazi kuhusu macho, maana itatokea tena. Picha ya eksirei, miwani ya jua ya barabarani, kioo kilichopakwa masizi, hata kutazama jua kwenye beseni la maji, vyote si salama. Jicho halisikii maumivu linapoungua kwa ndani. Tumia miwani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazamia jua, au geuka ulipe jua mgongo na utazame chini ya mwembe. Vidoa vya mwanga vinavyopenya kati ya majani vitakuonyesha umbo la jua linavyoliwa. Mwezi unapopatwa hakuna tatizo hilo. Tarehe 7 Septemba 2025 uliingia wote kwenye kivuli cha dunia kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52, na yeyote mwenye mbingu wazi aliweza kuutazama kwa macho yake matupu.

Kwenye Ziwa Nyasa, Kyela na Matema, wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama dagaa, hawahitaji kufundishwa tarehe za mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika siku hizo. Wanachouliza ni kama mwezi pia ndio unaopandisha maji ya Ziwa Nyasa, kama unavyofanya baharini. Unalivuta, lakini ziwa ni dogo mno kwa mvuto huo kuonekana kwa macho. Maji yanayosogelea nyumba za ufukweni ni ya mvua na mito. Hupanda msimu wa mvua hadi karibu Mei, kisha yakashuka kwa kukauka na kwa kutokea Mto Shire upande wa Malawi.