Kubana shingo pekee ya ganda la risasi si hakikisho la shabaha

Katika makundi ya WhatsApp ya walengaji shabaha hapa Uganda hurudi kila mara ujumbe kwamba mtu anayejaza upya baruti na risasi kwenye maganda yaliyokwisha kufyatuliwa ya bunduki ndefu akibana shingo tu (sehemu nyembamba ya mbele inayoshika risasi), bila kugusa mwili wa ganda, lazima apate shabaha bora. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa kuwa ganda likifyatuliwa hutanuka na kufuata umbo la chemba ya bunduki hiyo, yaani nafasi ambamo ganda hukaa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Lakini ganda likibanwa shingo tu na kufyatuliwa tena mara kadhaa, mwili na bega lake (mteremko kati ya mwili na shingo) hukaza ndani ya chemba hadi bolti, kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, huwa ngumu kufunga, dalili ambayo, kwa usalama, haipaswi kupuuzwa kamwe. Washindani wengi wa Marekani hubana ganda zima kidogo sana, wakirudisha bega takriban milimita 0.05, kwani usahihi hutegemea zaidi shingo zinazoshika risasi kwa nguvu sawa na risasi kukaa imenyooka.

Mwenye kibali cha kisheria anaweza kuhakiki kwa kufyatua mafungu kadhaa ya risasi za kila aina, yaani za maganda yaliyobanwa shingo tu na za yaliyobanwa ganda zima, kwa bunduki ileile na siku ileile, kisha apime mtawanyiko wa matundu. Fungu moja zuri halithibitishi lolote. Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo, hasa kwa wanaoanza.