Sindano ya usingizi haimwangushi mnyama papo hapo

"Ikimgusa tu, chali!" Kila mnyama anapotafutwa hifadhini afungwe kola, yaani mkanda wa shingoni wenye kifaa cha kumfuatilia, mtu lazima aseme hivyo, na dereva mmoja huamini kiasi cha kuwasha gari na kumfuata mnyama akamwone akianguka. Zimeni injini, tafadhali. Mtamuua.

Etorfini, dawa inayotumika sana kwa wala majani wakubwa, hutoka kwenye msuli kuingia kwenye damu taratibu. Sindano ikitua vizuri pajani, mnyama huanza kuyumba baada ya dakika chache na mara nyingi hulala ndani ya dakika 5 hadi 15. Ikigonga mfupa au kuishia kwenye mafuta, dawa haifanyi kazi inavyotakiwa. Kibaya zaidi ni kupunguza dozi kwa kuogopa kuzidisha. Mnyama aliyelewa nusu hukimbia bila kusimama, joto linapanda, misuli inaanza kufa. Mabaki ya misuli hiyo huharibu figo, mkojo unageuka kahawia, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye, watu wameshaondoka wakiamini kazi ilikwenda vizuri.

Na akishalala, kazi ndiyo kwanza imeanza. Nyati huwekwa kifua chini, kichwa kimeinuliwa lakini pua ikielekea ardhini, ili maji ya tumboni yatoke nje badala ya kuingia mapafuni. Tembo ni kinyume: akianguka kifua chini, uzito wake mwenyewe unambana pumzi, kwa hiyo husukumwa haraka alale ubavu, kisha kijiti huwekwa kwenye ncha ya mkonga isijifunge. Macho hufunikwa, pumzi huhesabiwa, joto hupimwa tena na tena. Likifika nyuzi 41, maji humwagwa na dawa ya kumzindua hudungwa, hata kama kola haijafungwa. Kola itasubiri.

Kola yenyewe haimlemei kama watu wanavyodai. Kwa kawaida uzito wake hauzidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mwili, na kwa tembo ni chini ya hapo kwa mbali. Tatizo la kweli ni kipimo: dume ambaye shingo bado inanenepa asifungwe kola isiyotanuka.

Kuna dhana nyingine: kwamba mtoto wa swala aliyelala peke yake nyasini ametelekezwa. Kwa kawaida sivyo. Mama amemficha, atarudi kumnyonyesha. Msimguse, msimbebe kumleta ofisini.

Na sensa ya wanyama inayofanywa kutoka angani, kwa eropleni? Mara nyingi hakuna anayehesabu kila mnyama. Ndege huruka kwa mistari, mwangalizi anahesabu wale tu wanaoonekana kati ya fimbo mbili zilizofungwa chini ya bawa, kisha jumla hukadiriwa kwa eneo lote. Kila jumla ina kiwango chake cha makosa. Pungufu iliyo ndani ya kiwango hicho haithibitishi kwamba wanyama wamepungua.