Kabla ya DNA, nionyeshe ile fomu

Wateja wakija kwangu kuhusu mtoto aliyepatikana kwa IVF, yaani yai na mbegu vinaunganishwa maabara, wanaanza na DNA, wakidhani ndiyo itasema mzazi ni nani. Mimi nauliza, ile fomu ya ridhaa mlisaini wote wawili? Wanashangaa, maana kliniki walipewa rundo la makaratasi wakasaini harakaharaka akili yote iko kwa mtoto, kumbe hapo ndipo sheria inaanza kumtafuta mzazi.

Zamani mama ni aliyezaa, baba ni mume wake, basi. Ila tangu Louise Brown azaliwe Uingereza mwaka 1978, wa kwanza duniani kwa njia hii, yai linaweza kuwa la huyu, tumbo la yule, na watakaolea ni watu wengine kabisa. Uingereza aliyezaa ndiye mama kisheria hata kama yai si lake, ndo maana waliotumia mama mbebaji, yaani mwanamke wa kuwabebea mimba, lazima waombe amri ya mahakama mtoto akishazaliwa. California nako, kesi ya Johnson na Calvert mwaka 1993, mahakama iliangalia nani alikusudia tangu mwanzo kumleta mtoto na kumlea, ikamtambua mwenye yai kuwa mama, si aliyebeba mimba. Yaani mtoto yuleyule, ukivuka mpaka anabadilishiwa mama!

Kwa mume, nchi nyingi ukiridhia mkeo apewe mbegu za mchangiaji wewe ndiye baba, mkija kukosana huwezi kumkana mtoto. Mchangiaji wa kliniki hadaiwi matunzo, ila mkimuomba rafiki mkafanya wenyewe nyumbani, huyo rafiki anaweza kuhesabiwa baba na kudaiwa matunzo.

Kinachoniumiza ni viinitete vilivyogandishwa, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa yakahifadhiwa kwenye baridi kali. Kuna kesi ya Evans, huko huko Uingereza, mama alikuwa anaenda kutolewa ovari, yeye na mwenzi wake wakatunza viinitete sita, wakaachana, mwanaume akaondoa ridhaa yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema mama hajavunjiwa haki, ridhaa ya mwanaume ilihitajika mpaka siku ya kupandikiza. Kwa huyo mama ilikuwa nafasi ya mwisho kupata mtoto wa damu yake. Mantiki ya mahakama naielewa, huwezi kumlazimisha mtu awe mzazi, lakini kila nikiisoma moyo unauma.

Kwa hiyo nawaomba jamani, msisaini kabla hamjaulizana tukiachana hivi viinitete ni vya nani, na mmoja akifa je? Ulizaneni sasa, mkiwa bado mnapendana.