Muziki wa harakati si kila wimbo unaotaja serikali

Mtangazaji mmoja wa redio hapa Tanga aliucheza wimbo wa kumnadi mgombea, jina la mgombea likitajwa katika kila kiitikio, kisha akautambulisha kuwa ni "muziki wa harakati". Siku hizo hizo kijana aliyechana mistari kuhusu ushuru wa soko aliambiwa na watu wazima aache "kuimba siasa", atafute nyimbo za mapenzi. Mambo haya mawili yameanza kubadilishana majina, na kila uchaguzi ukija hali inazidi.

Muziki wa harakati ni muziki unaomkabili mwenye mamlaka kwa niaba ya wasio nayo, ukidai jambo fulani libadilike. Basi. Mwenye mamlaka si lazima awe rais. Anaweza kuwa hakimu, mwajiri, au askari wa barabarani. Muziki wa siasa ni jina pana zaidi. Humo mna nyimbo za taifa, za chama, za kampeni, za kumsifu kiongozi, za kuhimiza kilimo, na za harakati pia. Kwa hiyo wimbo wa harakati una siasa ndani yake siku zote, lakini wimbo wa siasa unaweza usiwe na harakati hata chembe.

Kinachonikera ni watu kupima kwa maneno yaliyomo. Wakisikia "haki", "wanyonge", "mabadiliko", wanasema tayari. Maneno hayo yapo katika nyimbo za kila chama, kinachotawala na kinachotaka kutawala. Cha kuuliza ni wimbo unamwambia nani, na aliyeuimba anaweza kupoteza nini kwa kuuimba.

Chukua historia yetu wenyewe. Mwaka 1955 TANU ikiwa bado changa, Bibi Titi Mohamed aliwafuata wanawake wa Dar es Salaam mahali walipokuwa wamekwisha kujikusanya, yaani kwenye vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Vikundi hivyo vilikuwa na sare, na viongozi, na njia ya kuitana ambayo mkoloni hakuijali kwa sababu aliiona ni michezo ya akina mama. Nyimbo za kudai uhuru zilizopita humo ni harakati bila ubishi: mwenye nguvu yupo, anatajwa, anaambiwa aondoke. Sasa ruka uende baada ya Desemba 1961. Ngoma ile ile, wanawake wale wale, wamepangwa kiwanjani kwenye jua wanamsubiri waziri ashuke kwenye gari. Mdundo haujabadilika, na maneno "uhuru" na "taifa" yamo vilevile. Lakini mwenye mamlaka aliyekuwa anaimbwa ili aondoke sasa anaimbwa ili akaribie. Huo ni wimbo wa kupokea mgeni. Ni jambo jema na lina nafasi yake katika kujenga nchi, ila si harakati tena.

Vivyo hivyo kwa Tanzania One Theatre, TOT, iliyoanzishwa mwaka 1992 vyama vingi vilipokuwa vinarudi. Kapteni John Komba alikuwa mtunzi na kiongozi hodari, na nyimbo zake za CCM zilijua kuamsha uwanja. Ukiniuliza kama huo ni muziki wa siasa, nitakujibu ndiyo, tena wa kiwango cha juu. Ukiniuliza kama ni wa harakati, hapana, na hiyo si dharau kwa kazi yake. Wimbo wa mgombea wa upinzani nao una jibu hilo hilo. Kuomba kura ni kuomba kazi, na kumwimbia mwomba kazi ni kumsaidia aipate.

Watu wa Tanga tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine, kwa kuwa hapa ndipo walipotoka Wagosi wa Kaya, kundi la muziki wa kizazi kipya. Wasanii wake wawili, waliojiita Mkoloni na Dokta John, waliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na lafudhi yetu ya nyumbani, bila kujificha, wakauliza katika wimbo wao, "Tanga Kunani". Aliyekulia hapa alilielewa swali bila kufafanuliwa. Mkonge ulioulisha mkoa huu ulikuwa umeanguka: nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa imeshuka mpaka sehemu ndogo tu ya hizo. Nyuzi za plastiki zilichangia, na uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa nao ulichangia. Viwanda vilifungwa, na vijana wakapanda mabasi kwenda Dar es Salaam. Wimbo ule haukumwombea mtu yeyote kura. Uliuliza kwa nini mji umeachwa, na mwenye kujibu alijijua.

Halafu wakatoa "Wauguzi". Huu ndio ninaoutumia kila mara nikibishana na mtu, kwa sababu hauna rais wala chama. Una mgonjwa wa kawaida anayekaripiwa na kudaiwa chochote kabla hajahudumiwa. Mbele ya mgonjwa aliyelala kwenye benchi saa nane usiku, muuguzi wa zamu ana mamlaka kuliko mbunge. Wagosi walimkabili huyo. Nakubali kwamba wauguzi wengi waaminifu waliumia kuwekwa kapu moja na wala rushwa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini mgonjwa alipata msemaji, na kwa sababu hiyo wimbo ule ni wa harakati kuliko nyimbo mia za majukwaani.

Kuna upande mwingine unaosahaulika, nao ni fumbo. Enzi za chama kimoja, huku bara redio ilikuwa moja, ya serikali, na mashairi yalikaguliwa kabla bendi haijarekodi. Lakini taarab ya ukumbini haikuhitaji kusema wazi. Mji huu uliokuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza magitaa na kuibadilisha taarab ya pwani, unajua kazi hiyo. Tuseme mwimbaji amefika kwenye ubeti wa mlinzi aliyelala mpaka mali ya nyumba ikaibwa. Mama mmoja anainuka kwenda kutunza. Noti ameishika juu, kwa vidole viwili, na haendi jukwaani moja kwa moja. Anazunguka mbele ya viti vya wageni rasmi, anacheza taratibu, anasimama kidogo mbele ya mkubwa fulani, anaitingisha ile noti kufuata kiitikio, ndipo anakwenda kumkabidhi mwimbaji. Ukumbi mzima umeelewa. Mtunzi huenda aliandika habari za mume mzembe, na mwimbaji hakumtaja mtu. Mkubwa naye hawezi kulalamika, maana akilalamika amekiri kwamba mlinzi aliyelala ni yeye. Wimbo wa mapenzi umekuwa wa harakati kwa dakika mbili, na aliyeufanya hivyo ni msikilizaji.

Hapo hapo lazima nitoe angalizo. Wapo wanaosikia hili wakasema basi mipasho yote ni harakati. Si kweli. Mpasho ni ugomvi wa walio sawa: jirani kwa jirani, mke kwa mke mwenzie, kikundi kwa kikundi, kama walivyopigana TOT na kikundi kingine cha sanaa, Muungano, jukwaani. Maneno ni makali, mafumbo ni mazito, lakini hakuna aliye juu anayetakiwa kubadilika. Ukali hautoshi.

Mfano unaowachanganya wengi ni wa msanii wa rap Nay wa Mitego. Machi 2017 alikamatwa na polisi kwa ajili ya wimbo wake "Wapo". Kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, akapendekeza hata aongeze wakwepa kodi na wahalifu wengine. Tangu hapo nasikia watu wakisema kwamba ukipigwa kwa ruhusa ya rais, basi haukuwa wa harakati. Nadhani wanakosea. Ulipotungwa ulimkabili mwenye nguvu, na mtunzi alilala mahabusu kwa ajili yake. Kuruhusiwa baadaye hakufuti kilichotangulia. Ila orodha ya kuongeza ikishatoka kwa mwenye mamlaka, yeye ndiye anayechagua wa kuimbwa, na beti za namna hiyo zingekuwa kitu kingine. Ndiyo maana nasema wimbo mmoja unaweza kuwa na maisha zaidi ya moja. Huko Kenya, mwaka 2002 wa uchaguzi mkuu, wimbo wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji wa kujitapa kutotishika na maisha ulichukuliwa na NARC, muungano wa vyama vya upinzani, ukageuka sauti ya kampeni iliyoking'oa chama tawala cha KANU.

Kwa hiyo wadogo zangu mlioko kwenye maikrofoni, msimtishe kijana wa ushuru wa soko kwa kumwambia anaimba siasa kana kwamba ni kosa. Anaimba habari za ndoo ya nyanya ya mama yake, na mwenye kitabu cha risiti anamsikia. Na ule wa mgombea, uchezeni kama ni mzuri, lakini uiteni wimbo wa kampeni. Hamtamvunjia mtu heshima: msanii mwenyewe ndivyo anavyouita anapokwenda kudai malipo yake.