Tozo ya ujenzi Uingereza haipandishwi kiholela

Wengi wanaojenga England na Wales huamini kwamba halmashauri hujipandishia tozo ya miundombinu, CIL, kila Januari. Si kweli. Kiwango kilichopitishwa hubaki kilekile; kinachobadilika ni kipimo cha bei za zabuni za ujenzi, ambacho RICS, taasisi ya wapima ardhi na majengo, hukitoa kila mwaka. Bei za mkate na nauli hazimo.

Chukua halmashauri iliyoanza kutoza pauni 100 kwa mita ya mraba mwaka 2020, kipimo kikiwa 334. Kibali kikitolewa 2024, kipimo ni 381. Zidisha 100 kwa 381, gawanya kwa 334: pauni 114.07. Nyumba mpya ya mita za mraba 100 inadaiwa pauni 11,407. Na kipimo hushuka pia: kilikuwa 333 mwaka 2021, kisha 332 mwaka 2022.

Linalowahangaisha watu bure ni tarehe. Kinachotazamwa ni mwaka wa kupewa kibali, si wa kuchimba msingi. Ukikaa na kibali hichohicho miaka miwili, kiwango hakipandi. Tozo yenyewe hudaiwa ujenzi unapoanza, na halmashauri lazima iarifiwe kabla.