Jenereta linalokataa kuwaka bila choki: tafuta jeti ndogo

Jenereta dogo linachoka zaidi likiwa stoo kuliko likiwa kazini. Tangu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipopoa na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji kuanza kuzalisha Februari 2024, maduka na saluni nyingi wameyasukuma majenereta yao pembeni na petroli ikiwa humo humo. Siku umeme ukikatika, mtu anavuta kamba mpaka bega linamuuma, kisha anakuja na maneno yale yale: "Fundi, plagi imekufa." Naitoa plagi, naipima, cheche inaruka vizuri kabisa. Kilichoziba ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Petroli ikikaa kwenye bakuli la kabureta, sehemu yake nyepesi inapaa hewani. Inayobaki inaungana na oksijeni na kuwa utando wa kahawia unaonata, wenye harufu kali ya vanishi. Bakuli halijali utando. Jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, ndiyo inaumia, kwa sababu hata ile kubwa kwenye injini hizi za cc 163 au 196 ina tundu lisilofika milimita moja, na ndogo, inayolisha injini ikiwa haina mzigo, ni nyembamba zaidi. Vile vijenereta vya kuchanganya petroli na oili ndivyo balaa: petroli inaondoka, oili inabaki imeganda palepale.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Likiwaka na choki (kibati kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha) imefungwa, halafu likazima ukiifungua, injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Likiwa halina mzigo na mlio unapanda na kushuka wenyewe, lakini ukichomeka pasi linatulia, basi nina uhakika karibu wote kwamba jeti ndogo imeziba. Hapo ndipo wengi wanakimbilia skrubu ya gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, na kuikaza. Usiiguse. Injini hizi zimepangwa zizunguke kama mara 3,000 kwa dakika ili umeme utoke kwa hezi 50. Ukipandisha mzunguko, volti nazo zinaweza kupanda, na atakayelipa ni mwenye televisheni.

Kama petroli inavuja kupitia kabureta, niido (kijiti chenye ncha kinachofunga njia ya petroli) ya floti (boya la ndani ya bakuli) imenata. Chomoa kwanza kijiti cha oili. Oili ikiwa imezidi kimo na inanuka petroli, imwage uweke mpya kabla ya kuwasha.

Kazi yenyewe ifanyie nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara. Funga koki ya mafuta, toa kisanduku cha filta ya hewa, halafu piga picha kwa simu ule waya wa gavana na kaspringi kake kembamba. Kaspringi hako kakiwekwa tundu lisilo lake, jioni nzima imekwisha. Angalia pia gaskiti zilivyopangana na kile kipande kinachokaa kati ya kabureta na injini, virudi kwa mpangilio ule ule.

Bakuli linashikwa na bolti moja tu, kwa kawaida spana namba 10. Chomoa pini ya floti, toa floti na niido yake. Jeti kubwa iko ndani ya mguu wa katikati: tumia bisibisi bapa inayojaa sawasawa kwenye mfereji wake, maana shaba nyeupe ni laini na ukiichakaza hutaitoa tena. Nyuma yake kuna kijibomba chenye vitundu ubavuni. Kigonge kidogo kianguke, kisafishe nacho.

Mafundi wengi wanaishia hapo. Wanapangusa bakuli, wanapuliza jeti kubwa, wanafunga, na wiki hiyo hiyo mteja anarudi. Jeti ndogo imejificha juu, mara nyingi ina kichwa cha plastiki nyeusi, chini ya skrubu inayozuia mkono wa throtoli (kibati kinachofungua na kufunga njia ya kuingia kwenye injini). Hesabu mizunguko ya skrubu hiyo unapoitoa, kisha ing'oe jeti taratibu kwa bisibisi. Inua uitazame kwenye jua. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona mwezi mchanga, bado kuna gundi.

Loweka vyuma kwenye dawa ya kusafishia kabureta, lakini o-ringi na vitu vya mpira viweke kando kwanza. Vaa miwani: ukipuliza dawa tundu hili inatokea lile, moja kwa moja usoni. Kwa kuzibua, chukua uzi mmoja wa waya wa umeme wa shaba. Sindano na keekee zinapanua tundu, na jeti iliyopanuka inakula mafuta na kutoa moshi mweusi siku zote. Kama huna kompresa, mfuate fundi pancha akupulizie kila njia, floti ikiwa imeshatolewa, kwa sababu upepo wa nguvu unaibonyeza.

Ukishafunga, usirudishe petroli ya zamani. Osha na kichujio cha kwenye koki, la sivyo takataka za tanki zitashuka upya. Liwashe nje, si korido wala stoo, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka inayoua watu wakiwa usingizini. Lipe mzigo, lifanye kazi kidogo, halafu funga koki na uliache lingurume mpaka lizime lenyewe. Fanya hivyo kila unapolipumzisha. Bakuli litabaki karibu tupu.

Kuna kabureta nazikataa. Ukikuta ndani unga mweupe uliokula chuma, hayo ni maji yamekaa muda mrefu, na njia za ndani zimeshaliwa. Hapo namwambia mteja anunue nyingine, aje na ile ya zamani dukani wailinganishe matundu ya bolti na mkono wa choki.